Timu za vyuo vidogo ni mali ya umma, zisihukumiwe kwa daftari la faida peke yake

Tarehe 2 Desemba mwaka 2014, katika mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, Rais wa Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko mjini humo, Ray Watts, alikutana na vijana wa timu ya chuo chake akawaambia kwamba timu yao imefutwa. Siku chache tu kabla ya hapo vijana hao walikuwa wamemaliza msimu kwa kushinda michezo 6 na kushindwa 6, hesabu ambayo kwa timu yao ilikuwa fahari kubwa, maana ilikuwa imepita miaka mingi bila kuifikia. Waliingia katika kikao hicho wakiwa wachezaji, wakatoka wakiwa si kitu. Sababu waliyopewa ilikuwa moja: hesabu. Washauri wa kukodi walikuwa wameandika taarifa kwamba kuiendesha timu hiyo kwa miaka 5 kungehitaji nyongeza ya dola milioni 49, na chuo hakina fedha hizo.

Mchezo wenyewe si kandanda tuijuayo sisi. Ni mpira wa Kimarekani, wa umbo la yai, unaobebwa mikononi, watu 11 kila upande, na wachezaji huvaa kofia ngumu na mapedi mabegani. Lakini msomaji asije akadhani kwamba kwa kuwa mpira ni wa kigeni basi na jambo lenyewe ni la kigeni. Jambo ninalolizungumzia analijua kila mwalimu aliyewahi kuulizwa maktaba ya shule yake inaingiza shilingi ngapi, na kila mtumishi wa umma aliyewahi kuona huduma ya wananchi ikipimwa kwa mizani ya muuza duka. Swali ni hili: kitu kilichojengwa kwa ada za wanafunzi, kwa kodi za wananchi na kwa jasho la vijana, nani mwenye haki ya kukiua, na kwa hesabu ya nani?

Jibu langu nalitoa mapema ili nisimchoshe msomaji. Timu ya chuo cha umma ni mali ya umma. Jamii inayoizunguka ina wajibu wa kuichangia, na serikali ya jimbo ina wajibu wa kuitegemeza. Kwa sababu hiyo hiyo, jamii na jimbo vina haki ya kuona daftari lote, si ukurasa mmoja uliochaguliwa na wakubwa.

UDOGO HAUKUTOKA MBINGUNI

Wako wanaosema kwamba timu ndogo ni ndogo kwa sababu hazina wapenzi, na kwamba timu kubwa zimekuwa kubwa kwa juhudi zake zenyewe. Hoja hii haina msingi. Michezo ya vyuo huko Marekani husimamiwa na chama cha vyuo vyenyewe, NCAA. Tangu mwaka 1973 chama hicho kimevigawa vyuo katika madaraja 3, na mwaka 1978 daraja la kwanza la mpira likagawanywa tena mara mbili, wakubwa huku na wadogo kule. Hata hivyo kilikuwapo kizuizi kimoja kilichowabana wenye nguvu: chama ndicho kilichouza haki za televisheni kwa niaba ya wote, na katika mpango wake wa mwisho hakuna chuo kilichoruhusiwa kuonyeshwa zaidi ya mara 6 katika misimu 2.

Wakubwa hawakuridhika. Walikwenda mahakamani, na mwezi Juni mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 7 dhidi ya 2, ikauvunja mpango huo kwa kuwa ulizuia ushindani wa biashara. Kwa sheria ya biashara huenda majaji walikuwa na haki. Lakini jaji mmoja, Byron White, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Colorado, alipinga. Alisema wenzake wanakosea kuutazama mchezo wa vyuo kana kwamba ni biashara tupu isiyo na shabaha ya elimu. Miaka zaidi ya 40 imepita, na kila mwenye macho anaona nani aliona mbali. Ligi za matajiri zinauza michezo yao kwa mabilioni ya dola. Katika majimbo mengi mtumishi wa umma anayelipwa mshahara mkubwa kupita wote si gavana, wala jaji, wala daktari bingwa wa hospitali ya rufani, bali ni mwalimu wa timu ya chuo. Katika jimbo hilo hilo la Alabama, Nick Saban, aliyeifundisha timu ya tawi kubwa la Tuscaloosa hadi alipostaafu mwezi Januari 2024, alilipwa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka katika miaka yake ya mwisho.

Tuscaloosa na Birmingham ni vyuo viwili chini ya Bodi moja ya Wadhamini. Mmoja amelishwa kwa vizazi vitatu, mwingine alianzisha timu yake mwaka 1991 tu. Kisha baba wa nyumba anawapima wote wawili kwa ratili moja na kumlaumu mdogo kwa wembamba wake! Aliyekalia maziwa hana haki ya kumcheka aliyeachiwa chungu kitupu.

HESABU INA MWANDISHI WAKE

Turudi kwenye dola milioni 49. Watu wa Birmingham hawakukubali kuamini tarakimu kwa sababu tu zimechapwa vizuri. Wanafunzi waliandamana, wahitimu wa zamani walikutana, na wenye viwanda na mabenki wa mji wakaingia katika shauri. Kikundi kingine cha wataalamu wa uchumi kikapewa kazi ya kuzikagua hesabu zile upya, nacho kikafikia uamuzi kinyume kabisa na ule wa kwanza.

Yafaa walimu wakielewe kiini cha tofauti hiyo, kwa maana ni somo katika kusoma hesabu. Kijana wa timu anaposomeshwa bure, chuo huandika katika daftari la michezo gharama ya ada yake kamili, kana kwamba fedha taslimu zimetoka mlangoni. Lakini fedha hizo zimekwenda wapi? Zimetoka mfuko wa kushoto wa chuo na kuingia mfuko wa kulia. Ikiwa darasa lina viti vitupu, kumkalisha kijana mmoja zaidi hakugharimu ada nzima. Tena wapo wanafunzi wanaokuja na kulipa kwa sababu chuo kina timu. Ukiandika gharama kwa kalamu nene na mapato kwa kalamu nyembamba, utapata hasara uitakayo. Sisemi kwamba washauri wa kwanza walidanganya. Ninachosema ni kwamba kila hesabu ina mwandishi wake na kila mwandishi ana aliyemtuma, na kwa hiyo si halali hesabu ya upande mmoja iwe hukumu ya kifo.

Mji ulijibu kwa vitendo. Ilipofika tarehe 1 Juni 2015, ahadi za michango zilikuwa zimepita dola milioni 17, na Rais yule yule aliyeifuta timu akatangaza kwamba inarudi, pamoja na michezo ya kulenga shabaha kwa bunduki na ya kuangusha vigingi iliyokuwa imefutwa nayo. Mwalimu wa timu, Bill Clark, alikuwa amebaki mjini muda wote huo bila timu ya kufundisha, akikataa kuondoka. Wachezaji wengi walikuwa wamekwisha kutawanyika katika vyuo vingine, na ikachukua misimu miwili mitupu kukusanya wapya.

Tarehe 2 Septemba 2017 timu iliteremka uwanjani tena, katika uwanja mkongwe wa Legion Field uliofunguliwa mwaka 1927, na watu 45,212 wakaja kuitazama ikiifunga Alabama A&M kwa pointi 38 kwa 7. Hapakuwa na umati kama huo tangu timu izaliwe. Msimu uliofuata, wa 2018, ilitwaa ubingwa wa ligi yake. Wale walioambiwa kwamba hawana wapenzi walijaza viti, na wale walioambiwa kwamba hawana fedha walizitafuta wakazipata.

Sipendi kudanganya kwa kutaja ushindi na kuficha kushindwa. Katika misimu ya 2023 na 2024, baada ya kupanda ligi ngumu zaidi, timu hiyo ilipoteza michezo mingi kuliko iliyoshinda. Lakini hoja yangu haikusimama juu ya vikombe. Shule haifungwi kwa sababu wanafunzi wake wamefeli mwaka mmoja, na timu ya umma haistahili kufutwa kwa sababu imefungwa.

HOJA YA MWANAFUNZI MWENYE DENI

Sasa naja kwenye hoja nzito, ambayo wapenzi wa michezo hupenda kuiruka. Nani analipa? Katika vyuo vidogo vya umma vya daraja la kwanza, sehemu kubwa ya bajeti ya michezo haitoki kwenye tiketi wala televisheni. Inatoka kwenye ada za wanafunzi na mfuko wa chuo. Birmingham yenyewe, mwaka ule wa 2014, karibu theluthi mbili ya bajeti yake ya michezo ya dola milioni 30 ilitoka huko. Msichana anayesomea uuguzi kwa mkopo, anayefanya kazi usiku, asiyekanyaga uwanjani hata siku moja, anachangia timu bila kuulizwa, na deni hilo atalilipa kwa riba miaka mingi baada ya wachezaji kusahau jina la mwalimu wao.

Kwa dhuluma hii sina utetezi, wala simtaki mwingine autafute. Anayesema kwamba timu ni ya jamii lazima akubali kwamba jamii ndiyo iichangie, kwa uwazi, na si kumtwisha mwanafunzi mzigo kwa siri. Jimbo la Virginia lilionyesha njia mwaka 2015 kwa kutunga sheria ya kuweka ukomo wa sehemu ya bajeti ya michezo inayoweza kutoka kwenye ada na mfuko wa chuo. Vyuo vilivyo katika ligi za matajiri viliwekewa ukomo wa asilimia 20, vingine vya ngazi ya juu asilimia 55, na vya ngazi inayofuata asilimia 70. Mtu anaweza kubishana juu ya tarakimu, lakini msingi ni sahihi: mwenye uwezo mkubwa hana ruhusa ya kula ada ya mwanafunzi, na mwenye uwezo mdogo anasaidiwa mpaka kikomo kinachojulikana.

Chuo Kikuu cha Idaho nacho kilitoa mfano mwingine wa busara. Mwaka 2018 kilishuka chenyewe kutoka ngazi ya juu ya mpira hadi ngazi ya chini yake, mahali ambapo wapinzani wako karibu na gharama ni ndogo. Wapo wapenzi waliolia kwamba ni aibu. Aibu iko wapi? Kujikuna ni pale mkono unapofika. Timu iliyoshuka ngazi ikabaki hai inawafaa vijana kuliko timu iliyong'ang'ania ngazi ikazikwa.

JIMBO LINAPOKIMBIA WAJIBU

Ukitaka kujua hali ya chuo kidogo kilichotupwa na serikali yake, tazama Grambling, katika jimbo la Louisiana. Hiki ni chuo cha umma cha Wamarekani weusi, ambacho Eddie Robinson alikifundishia timu tangu mwaka 1941 hadi 1997 akashinda michezo 408. Katika miaka iliyofuata msukosuko wa uchumi wa 2008, jimbo lilikata zaidi ya nusu ya fedha lilizokuwa likikipa. Mwezi Oktoba mwaka 2013 wachezaji walikataa kupanda basi kwenda kucheza na Jackson State. Walilalamikia kuvu katika vyumba vya mazoezi, mavazi yasiyosafishwa vizuri na safari ndefu za basi hadi miji ya mbali kama Indianapolis. Mchezo haukufanyika, na magazeti yakaandika kwamba vijana hawana nidhamu. Nidhamu! Aliyewanyima fedha alikuwa amekaa katika jengo la bunge la jimbo, wala hakuna aliyemuuliza juu ya nidhamu yake.

Kwa kukosa msaada, vyuo vidogo vimejifunza kuuza migongo ya vijana wao. Chuo kikubwa hukialika chuo kidogo kwake, kikakilipa fedha nyingi ili kije kipigwe mbele ya umati. Ni kweli kwamba mara moja moja kondoo humwuma mchinjaji. Tarehe 1 Septemba 2007 Appalachian State, chuo cha milimani huko North Carolina, kililipwa dola 400,000 kwenda kufungwa na Michigan mbele ya watu zaidi ya 109,000, kikashinda kwa 34 kwa 32. Watu wanaikumbuka siku hiyo kwa furaha, nami naifurahia. Lakini tusisahau kwamba kwa kila siku moja kama hiyo ziko nyingi ambazo vijana wadogo wa miili walirudi nyumbani wakiwa na mifupa iliyovunjika, ili ofisi ya michezo ilipe mishahara.

Na sasa mzigo umeongezwa. Tarehe 6 Juni 2025 mahakama iliidhinisha suluhu ya kesi kubwa ya wachezaji. Suluhu hiyo inaviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Vijana kulipwa kwa jasho lao ni haki, nami siipingi. Lakini suluhu hiyo hiyo inadai fidia ya karibu dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa zamani, na sehemu kubwa inakatwa katika mgao wa NCAA kwa vyuo vyote vya daraja la kwanza, vikiwamo vidogo ambavyo havikuonja yale mabilioni ya televisheni. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

UWANJA MPYA, CHUO KILICHOKUFA

Nisingekuwa mkweli kama ningeiacha Birmingham bila kutaja sura ya pili. Mwaka 2021 mji huo ulifungua uwanja mpya wa watu kama 47,000, ambao timu ya chuo kikuu inautumia kwa kupanga. Serikali ya mji iliahidi dola milioni 3 kwa mwaka kwa miaka 30, na serikali ya wilaya dola milioni 1 kwa mwaka. Maili chache kutoka hapo kilikuwapo chuo kingine, Birmingham-Southern, chuo binafsi cha Wamethodisti chenye asili ya mwaka 1856. Nacho kilikuwa na timu, iliyofufuliwa mwaka 2007 katika daraja la tatu, ambako mchezaji hapewi msaada wa masomo kwa ajili ya mchezo. Hiyo ndiyo timu ndogo kuliko zote: kijana analipa ada, anasoma, anacheza kwa kupenda.

Chuo hicho kiliingia katika madeni, kwa makosa ya uongozi wake mwenyewe hasa. Mwaka 2023 bunge la Alabama lilitunga sheria ya mfuko wa dola milioni 30 wa kuvikopesha vyuo vilivyomo hatarini. Mweka hazina wa jimbo akakataa kutoa mkopo, akisema chuo hicho si cha kukopeshwa. Tarehe 31 Mei 2024 chuo kikafungwa, na timu yake ya mpira ikafa pamoja nacho.

Sitaki kusema kwamba mweka hazina alikuwa adui, kwa kuwa fedha za umma zina masharti na chuo kile kilikuwa cha binafsi. Lakini tujifunze. Mji ulioweza kuokoa timu moja na kujenga uwanja mmoja haukuweza kukiokoa chuo kimoja. Timu ni tawi, chuo ndicho shina. Jamii ikilinyweshea maji tawi na kuliacha shina likauke, itakuja kuvuna kuni. Ndiyo maana sisemi timu ndogo zisaidiwe badala ya maktaba, maabara na mishahara ya walimu. Nasema zisaidiwe kama sehemu ya chuo, baada ya chuo chenyewe kusimama.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwanza, timu yoyote ya chuo cha umma isifutwe kabla hesabu zake hazijawekwa hadharani na kukaguliwa na upande wa pili. Birmingham ilipata ukaguzi huo baada ya mazishi, na uchelewaji huo uliwagharimu vijana misimu miwili.

Pili, ada ya michezo ipigiwe kura na wanafunzi wenyewe, na iandikwe peke yake katika hati ya malipo. Anayeogopa kura hiyo anajua kwamba hana haki.

Tatu, msaada wa jimbo uanzie kwa wadogo na uwe na ukomo kwa wakubwa. Na kabla ya jimbo kuidhinisha mshahara wa mamilioni kwa mwalimu mmoja wa timu, liulize kwanza mabasi na vyumba vya vijana wa vyuo vyake vingine vikoje.

Nne, wakubwa walioondoka na fedha za televisheni mwaka 1984 warudishe sehemu yake kwa vyuo ambavyo vijana wao hutumiwa kupamba ratiba zao.

Tano, wadogo nao waache kiburi. Wacheze na jirani, wasafiri kwa mwendo mfupi, washuke ngazi inapobidi. Jamii haiwezi kuombwa mchango leo kwa ajili ya majivuno ya kesho.

Watasema haya ni ndoto, kwamba soko limekwisha kuamua. Soko halikuamua chochote Birmingham. Waliamua watu wachache katika chumba kilichofungwa, na miezi 6 baadaye wakaamua watu wengi walioufungua mlango wake. Mwalimu na mtumishi wa umma wakumbuke siku ile tarakimu zitakapoletwa mezani kwao, zimechapwa vizuri, kuwaambia kwamba kitu cha wananchi hakina faida na kwa hiyo kife. Wasitie sahihi kabla ya kuuliza nani kaziandika, nani kamtuma, na wenye mali wameulizwa lini.